Mshipi wa kurambazia samoni kwa kizamishi: jinsi ya kuuchagua na kuupanga

Mvuvi wa pwani yetu hahitaji kufundishwa kurambaza. Chombo kinakwenda, mshipi unafuata nyuma na chambo chake, na nguru akikurupuka kila mtu chomboni anajua. Nilipoanza kuvua Ziwa Michigan huko Marekani, upande wa Milwaukee, nilikwenda na ujuzi huohuo, na kwa wiki kadhaa za Julai sikupata kitu. Tatizo lilikuwa kina. Samoni aina ya Chinook hupenda maji ya nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, na wakati wa kiangazi maji hayo yako mita 15, 20 au hata zaidi chini ya mawimbi. Mshipi unaovutwa na boti huelea juu, kwa hiyo hauwezi kumfikia mpaka upate kitu cha kuushusha.

Kitu hicho ni kizamishi. Ni sahani ya plastiki yenye uzito upande mmoja, nayo hufungwa kati ya mshipi mkuu na chambo. Boti ikienda, maji huisukuma sahani na kuichimbisha chini. Aina inayojulikana zaidi kwenye maziwa yale ni Dipsy Diver ya Luhr-Jensen, ambayo chini yake ina bamba lenye namba 0 hadi 3 kwa kila upande. Ukiiweka kwenye 0 hushuka moja kwa moja nyuma ya boti. Ukisogeza kuelekea 3, hukimbilia kushoto au kulia, na kadiri inavyokwenda pembeni ndivyo kina kinavyopungua. Kuna na aina nyingine, kama Deep Six, ambazo hushuka nyuma tu bila kwenda pembeni.

Kizamishi hutegwa kama mtego. Kikiwa kimetegwa, kinasimama kwa pembe na kuvuta kwa nguvu. Samaki akila, au wewe ukiushtua mshipi, kinafyatuka na kulala bapa, ndipo unaweza kukirudisha botini bila kupigana na maji. Lishike hili la kufyatuka, kwa sababu uchaguzi wote wa mshipi unalizunguka.

Usianze na ratili

Kila anayeanza huuliza, "Ninunue mshipi wa ratili ngapi?" yaani unaohimili uzito gani kabla ya kukatika. Nami niliuliza hivyohivyo. Chinook wengi utakaowapata Ziwa Michigan watakuwa na ratili 8 hadi 20. Mwaka 2021 alivuliwa mmoja karibu na Ludington, Michigan, mwenye ratili 47.86, na akawa rekodi ya jimbo hilo. Hata samaki wa namna hiyo hashindwi na mshipi mnene, hushindwa na breki ya rili (kifaa cha kukunjia mshipi kwenye ufito) iliyowekwa vizuri na mvuvi mwenye subira. Nguvu ya mshipi, ukilinganisha na uzito wa samaki, inakutosha karibu kila mara.

Maswali mawili ndiyo yanayoamua. La kwanza ni unene: mshipi una unene gani ndani ya maji? Mshipi mnene unakamatwa na maji kwa urefu wake wote na kukivuta kizamishi kurudi juu. La pili ni mnyumbuko: ukiuvuta upande huu, unarefuka kiasi gani kabla ya upande wa pili kuhisi chochote? Mshipi unaonyumbuka sana unakunyima uwezo wa kufyatua kizamishi, na vilevile unakuficha samaki mdogo aliyenasa, ukamburuta saa nzima bila habari.

Sasa tuzipitie aina tatu za mshipi mkuu tukiwa na maswali hayo mkononi.

Nailoni

Nailoni ya uzi mmoja ndiyo tuliyoizoea sote. Ni rahisi, mafundo yake hayahitaji ufundi, na ikichanganyikana utaifumua. Lakini nailoni ya ratili 20 ina unene wa karibu milimita 0.45, na ya ratili 30 inafika milimita 0.55 hivi. Tena inaweza kunyumbuka kwa asilimia 20 au zaidi kabla ya kukatika.

Piga hesabu. Umetoa mita 60 za mshipi. Unataka kufyatua kizamishi ili ubadilishe chambo, kwa hiyo unashika ufito na kuushtua nyuma kwa nguvu. Ncha ya ufito inasafiri mita mbili au pungufu. Nailoni ikinyumbuka kwa asilimia 5 tu, imekwisha kumeza mita 3. Kule chini kizamishi hakijasikia kitu. Unashtua tena na tena, mikono inachoka, na mwishowe unakivuta kikiwa bado kimetegwa, kazi ambayo ni kama kuvuta sinia lililozama. Unaweza kulegeza skrubu ya mtego ili kifyatuke upesi, lakini basi wimbi la kwanza litakifyatua lenyewe.

Hata hivyo siitupi nailoni. Mwezi wa Aprili na Mei, coho, aina nyingine ya samoni, wako karibu na uso wa maji, na unatoa mita 15 au 20 tu. Hapo mnyumbuko si adui, ni mto laini unaozuia ndoana isipasue mdomo wa samaki. Pia kuna suala la viroboto wa maji, ambalo nalijia chini.

Mshipi wa kusuka

Huu husukwa kwa nyuzi za polithini yenye molekuli ndefu mno, zinazouzwa kwa majina ya Dyneema na Spectra. Haunyumbuki karibu kabisa, na unene wake ni mdogo kwa kiasi cha kushangaza. Kwa moja ya mishipi hii inayopatikana kila duka, PowerPro, wa ratili 30 una unene wa milimita 0.28, wa ratili 50 una 0.36, na wa ratili 65 una 0.41. Yaani wa ratili 65 bado ni mwembamba kuliko nailoni ya ratili 20.

Hapo unaona kwa nini wavuvi wengi wa vizamishi wamehamia huku. Kwa urefu uleule uliotoa, kizamishi kinashuka zaidi, kinafyatuka ukikishtua mara moja, na ncha ya ufito inakuonyesha hata jani lililonasa kwenye ndoana.

Ushauri wangu ni ratili 40 hadi 50. Mshipi wa ratili 30 unashuka zaidi kidogo na una nguvu ya kutosha ukiwa mpya, ila kizamishi kikubwa kinavuta siku nzima, mshipi unasuguana na pete za ufito, na nyuzi huanza kuchakaa kimyakimya. Mshipi mwembamba pia hujichimbia ndani ya tabaka za chini za rili unapovutwa kwa nguvu, kisha samaki anapokimbia unakwama na kukatika. Nimepoteza kizamishi, flasha (sahani inayometa ya kuvutia samaki) na Chinook kwa njia hiyo asubuhi moja, na kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeujaza mshipi kwenye rili bila kuukaza. Wa ratili 50 unasamehe mengi. Kwenye mdomo wa Mto Columbia, kati ya Oregon na Washington, ambako mwezi wa Agosti watu huvua Chinook kwa vizamishi na flasha kubwa ndani ya mikondo mikali, utaona mishipi ya kusuka ya ratili 50 hadi 65, na kwa maji yale ni sawa.

Waya

Waya unaotumika hapa ni wa chuma cha pua, nyuzi 7 zilizosokotwa pamoja, kwa kawaida wa ratili 30, unene karibu milimita 0.4. Haunyumbuki hata kidogo. Unakata maji vizuri, una uzito wake wenyewe, na ukipita majini unavuma. Ukigusa ufito utausikia mvumo huo kwenye kiganja. Wavuvi wengi wa Ziwa Ontario na Michigan wanaamini kwamba mvumo huo huwavuta samoni. Nisemalo mimi ni kwamba wakati samaki wako chini sana, fito zangu za waya huliwa mapema kuliko nyingine.

Lakini waya una masharti, na asiyekuwa tayari kuyafuata asiununue:

Ufito wa kawaida haufai. Waya hukereza pete ya ncha kama msumeno. Unahitaji ncha yenye kigurudumu, au ncha ya springi inayopinda pamoja na waya.

Usiuachie kamwe ukaenda wenyewe. Unapotoa waya, kidole gumba kiwe juu ya rili muda wote. Ukiachia ghafla, waya unajirusha na kufanya vitanzi, na kitanzi kikivutwa kinakuwa kikunjo. Kikunjo ni mahali pa kukatikia, hakinyooshwi kikarudi kuwa salama. Kata hapo, funga upya.

Rili iwe kubwa. Kiasi kinachonunuliwa kwa kawaida ni futi 1,000, sawa na mita 300 hivi.

Mwisho wa waya ufungwe kwa kitanzi kilichobanwa na kibanio cha bomba dogo la chuma, kwa koleo yake. Fundo la nailoni kwenye waya ni kujidanganya.

Viroboto wa maji

Hapa ndipo mapendekezo mengi ya dukani huanguka. Tangu miaka ya 1980 Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini yamevamiwa na kiroboto wa maji mwenye mkia mrefu wa miiba, aliyetoka Ulaya na Asia, na mwishoni mwa miaka ya 1990 akaja ndugu yake mwenye mkia uliopinda kama ndoana. Ni viumbe wadogo sana, lakini mikia yao hunasa kwenye mshipi, mmoja juu ya mwingine, hadi mshipi unaonekana kama umepakwa pamba iliyolowa. Donge likifika kwenye pete ya ncha linaziba, na huwezi kuvuta mshipi huku samaki yuko upande wa pili.

Mshipi mwembamba ndio wanaoupenda. Wa kusuka unawakusanya sana. Nailoni nene, ya ratili 30 na kwenda juu, inawakusanya kwa uchache. Kwa hiyo kama maji yako yana viroboto wengi katikati ya kiangazi, unaweza kulazimika kurudi kwenye nailoni nene na kukubali hasara ya kina, au kubaki na mshipi wa kusuka na kuusafisha kila mara. Mimi huchagua kusafisha: nautikisa ufito kwa mapigo mafupi wakati wa kuvuta, na msaidizi anashika kitambaa mbele ya ncha. Lakini ukivua peke yako, chukua nailoni nene kwa wiki hizo. Ulizia gatini kabla ya kwenda, wavuvi wa jana watakueleza.

Kipande cha mbele

Kati ya kizamishi na chambo kuna kipande cha mshipi chenye kazi tofauti kabisa. Hiki ndicho samaki anachokiona. Kome wa quagga wameyachuja maji ya Ziwa Michigan hadi yamekuwa angavu mno, na ndiyo sababu natumia florokaboni. Kipimo chake cha kupinda mwanga ni karibu 1.42, cha maji ni 1.33, na cha nailoni kinazidi 1.5. Florokaboni iko karibu zaidi na maji, ndiyo maana haionekani kwa urahisi. Isitoshe, inastahimili kukwaruzwa na meno.

Urefu wake unaamuliwa na ufito wako. Kizamishi hakipiti kwenye pete, kinakwama kwenye ncha. Kuanzia hapo samaki lazima afikiwe kwa wavu, na kama kipande cha mbele ni mita 4 basi samaki anaogelea mita 4 nyuma na huna namna ya kumsogeza. Kwa ufito wa futi 9, weka futi 6 hadi 7, yaani mita 2 hivi. Usizidishe urefu wa ufito.

Nguvu inategemea chambo. Kijiko chepesi, yaani chambo cha bati chenye umbo la kijiko, kinahitaji ratili 20 hadi 25, kwa sababu mshipi mgumu unakiua mchezo wake. Flasha, ile sahani ndefu inayozunguka na kumeta, ikifuatwa na nzi bandia, inahitaji ratili 40 hadi 50, kwani yenyewe inavuta sana na ugumu wa mshipi unamchezesha nzi vizuri. Siku zote tumia swiveli ya gololi, kiungo kinachozunguka bila kuusokota mshipi. Kijiko kinachozunguka bila swiveli nzuri kitausokota mshipi hadi ujifunge wenyewe.

Na kila inapowezekana, kipande hiki kiwe dhaifu kuliko mshipi mkuu. Ukinasa chini, ukatike hapo. Utapoteza kijiko, kizamishi kitarudi.

Mpira wa kupunguza mshtuko

Mshipi usionyumbuka unaleta hatari nyingine. Chinook hapigi chambo kwa adabu. Anapiga huku boti inakwenda mbele, na nguvu zote zinaishia kwenye kipande cha mbele. Wavuvi wengi huweka bomba fupi la mpira nyuma ya kizamishi, linalorefuka kwenye pigo la kwanza. Wengine hawautaki, wakisema unaizuia ndoana isizame. Nionavyo, kwa waya au mshipi wa kusuka pamoja na kijiko kwenye kipande cha mbele cha ratili 20, uweke. Kwa flasha na kipande cha mbele cha ratili 50, unaweza kuuacha. Mpira huoza, kwa hiyo uvute kwa mkono mwanzoni mwa kila msimu na utazame mipasuko.

Kujaza rili, hatua kwa hatua

1. Tumia rili yenye kihesabu cha futi. Bila hiyo huwezi kurudia kina kilichokupa samaki.

2. Anza na tabaka la nailoni, mita 20 au zaidi kulingana na ukubwa wa rili. Mshipi wa kusuka ukifungwa kwenye chuma kitupu unateleza wote kama pete kwenye kidole chembamba, utazungusha mkono bila kuvuta kitu.

3. Unganisha nailoni na mshipi wa kusuka kwa fundo la uni mbili zinazokutana. Lilowanishe kabla ya kulikaza.

4. Jaza mshipi ukiwa umekazwa. Mtu mmoja ashike bobini kwa kitambaa chenye maji, mwingine azungushe. Tabaka ziwe ngumu kama mpira uliojaa upepo.

5. Jaza hadi karibu na ukingo. Kihesabu huhesabu mizunguko, na kimetengenezwa kikidhani rili imejaa. Rili ya nusu itakudanganya.

6. Pima uwanjani. Weka alama ya futi 100 kwa utepe, vuta mshipi hadi pale, soma kihesabu. Kikisema 115, andika hilo kwenye rili yenyewe kwa kalamu isiyofutika.

7. Funga swiveli kubwa yenye kibanio mwishoni, kwa fundo la Palomar, ndipo ukipachike kizamishi.

Fito mbili za upande mmoja na mwingine ziwe na mshipi wa aina moja, unene mmoja na kiasi kimoja. Upande wa kushoto ukiwa na mshipi wa ratili 30 na kulia 50, namba zako hazitalingana na hutajua kwa nini upande mmoja unaliwa.

Jua kina chako mwenyewe

Vizamishi huja na jedwali la kina, lakini limeandaliwa kwa mshipi fulani na mwendo fulani. Tengeneza lako. Tafuta mahali penye chini ya mchanga na kina kinachojulikana, tuseme futi 50 kwenye kipima kina. Endesha kwa maili 2.5 kwa saa. Weka kijiko cha bei nafuu, kisha toa mshipi polepole, futi 10 kila mara, usubiri. Ncha ya ufito ikianza kugonga, kizamishi kimegusa mchanga. Andika: mshipi gani, namba gani kwenye bamba, futi ngapi za kihesabu. Rudia kwa namba 1, 2 na 3. Asubuhi moja ya kazi hii ina thamani kuliko vijiko ishirini vipya.

Unaposhusha, anza na fito za nje, zilizowekwa kwenye 3, kisha za ndani kwenye 1. Michigan inaruhusu fito 3 kwa kila mvuvi mwenye leseni. Kwingine soma sheria za jimbo husika.

Kama ungeniomba nikununulie leo

Kwa boti ndogo na fito mbili tu: mshipi wa kusuka wa ratili 50 kwenye zote mbili, kizamishi cha ukubwa namba 1, florokaboni ya ratili 25 kwa vijiko na bobini nyingine ya ratili 40 kwa flasha. Kwa fito nne: ongeza waya kwenye zile mbili za ndani zinazoshuka sana, ukishazoea. Kama fedha ni kidogo, usipunguze kwenye swiveli, punguza kwenye idadi ya vijiko.

Breki iwe nyepesi kuliko unavyodhani. Boti ikiwa kwenye mwendo, ilegeze mpaka mshipi uanze kutoka wenyewe, kisha kaza kidogo tu hadi usimame. Samaki akipiga, rili ipige kelele.

Kila asubuhi kabla ya kushusha, pitisha vidole kwenye mita 3 za mwisho za mshipi mkuu na kwenye kipande chote cha mbele. Ukihisi mkwaruzo, kata. Pete ya ncha ipitishie kipande cha pamba: nyuzi zikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utaukata mshipi wowote utakaoununua. Vipande ulivyokata vitie mfukoni hadi nchi kavu. Nailoni iliyoachwa ziwani itawafunga ndege miguu kwa miaka.